Anayeomba hotspoti aje na kikombe

Jumatano usiku simu yangu ililia mara mbili ndani ya dakika ishirini. Ujumbe wa kwanza ulisema ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Wa pili ukasema kimekwisha. Kilikuwa kifurushi cha wiki, GB 5, na nilikuwa nimekinunua asubuhi ya siku hiyo hiyo kwa shilingi elfu kumi, nikatembea kifua mbele kama mtu aliyelipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima.

Tulikuwa sebuleni. Mtoto wa dada yangu, binti wa kidato cha pili aliyekuja Dar kumalizia likizo, alikuwa amejikunyata kwenye mkeka na kishikwambi cha mama yake mapajani. Kabla ya hapo alikuwa ameniomba kwa adabu zote: “Mjomba, naomba uniwashie hotspoti nisome kidogo.” Nikawasha. Nenosiri nikamtajia kwa sauti, moja hadi nane, maana simu inataka herufi zisizopungua nane na mimi sina kichwa cha kukariri la maana zaidi ya hilo.

Ujumbe wa pili ulipoingia sikuuliza kitu. Nilifoka. Nilianza na katuni, nikaja kwenye miziki, nikamalizia na mama yake anavyomdekeza. Binti hakubisha. Alikizima kishikwambi, akakiviringisha kwenye kitenge, akasema, “Samahani, mjomba,” akaingia chumbani. Ilikuwa saa mbili na nusu, taarifa ya habari haijaisha, na mtoto amekwenda kulala.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Pesa nilishaisahau kufikia Alhamisi mchana.

Alhamisi hiyo alfajiri niliketi na simu kutafuta ushahidi wa kunituliza. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, na hotspoti yenyewe inaiita mtandaopepe. Sisi tuliokulia Ifakara kwenye mpunga, pepe tunaijua: ni ile punje iliyo ganda tupu, ukipeta inaruka na upepo. Nikacheka peke yangu. GB 5 zangu zilikuwa zimekuwa pepe kweli kweli.

Nikamwita binti, nikamwomba anionyeshe alichokuwa akisoma. Akafungua kitabu cha Biolojia kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ukurasa wa mada aliyoachiwa na mwalimu wake. Kitabu kizima hakifiki hata GB moja. Tukapekua zaidi. Kumbe wakati yeye anasoma, kishikwambi kilikuwa na shughuli zake. Kilikuwa kimesasisha programu 14, nyingine hata mwenye chombo hazijui. Halafu kilikuwa kinapandisha picha na video za harusi ya shangazi yake kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, video moja moja, bila kelele, kama mchwa kwenye mlango.

Sababu ni rahisi, na inafaa kila mwenye nyumba aijue. Kishikwambi kile hakina pa kuchomeka laini, kwa hiyo bando hakilijui. Kinachokijua ni waifai, na kwa waliokitengeneza waifai ni ile ya nyumba yenye malipo ya mwezi, ambayo hakuna anayehesabu imetumika kiasi gani. Programu nyingi zimefundishwa kustahi zikiwa kwenye data ya simu na kujiachia zikiwa kwenye waifai. Simu yangu ilipowasha hotspoti, kwa kishikwambi ikaonekana waifai kama waifai nyingine. Kazi zote kilizokuwa kimeziahirisha kwa wiki kadhaa kikaona zimepata siku yake. Na binti angekuwa kweli anatazama video, saa moja ya picha ya ubora wa juu inaweza kula mpaka GB 3. Huyu hakutazama. Alisoma kuhusu mmeng’enyo wa chakula huku chombo chenyewe kikila.

Basi nikabaki na aibu yangu na kumbukumbu moja ya zamani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilipokuwa ya foleni, mama alikuwa akinituma kwa jirani. Hakunituma mikono mitupu. Alinipa kikombe, na kikombe chenyewe alikichagua. Sukari ilikuwa na kile kidogo cha bati chenye ua jekundu, kilichobanduka rangi ukingoni. Chumvi iliombwa kwa kifuniko cha chupa ya chai. Mafuta ya taa yalikuwa na kichupa chake. Ungethubutu kubeba bakuli kwenda kuomba sukari, ungechapwa kabla hujavuka kizingiti. Jirani akikiona kile kikombe alishajua anaombwa kiasi gani. Akiwa nacho alijaza. Akiwa na kidogo alitia nusu, na mimi niliona kwa macho yangu kuwa mtungi wake unakaribia kukwanguliwa. Hakuna aliyesema neno. Na kikombe hakikurudishwa kitupu. Siku mbili baadaye kilirudi na ndimu mbili ndani yake au maharage kiganja kimoja.

Kwa hiyo anayeomba ndiye aliyekuja na kipimo. Nimelifikiria hili wiki nzima na naona ndilo tulilolipoteza. Hotspoti ni ombi lisilo na kikombe. Mwombaji haoni mtungi wangu una nini, nami sioni anachota kwa kijiko au kwa ndoo. Wote wawili tunakuja kujua pale ujumbe wa ndugu mteja unapoingia, na hapo kilichobaki ni kufokeana.

Najua yupo msomaji anayetikisa kichwa: “GB 5 tu, mzee, unamwandika mtoto wa dada yako gazetini?” Ndugu yangu, bando si kitu kidogo katika nchi hii. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, watu walipiga kelele mpaka zikasitishwa. Hakuna anayepiga kelele hivyo kwa ajili ya upepo. Kuna mama ntilie anayepokea oda kwa simu, na kuna kijana wa bodaboda ambaye mteja wake anamtumia ramani. Bando likikatika saa nne asubuhi, siku imekatika hapo.

Yupo na mwingine, huyu ni mkali zaidi. Ghorofani ninakofanyia kazi, ukifungua orodha ya mitandao iliyo karibu unakutana naye kwa jina: “Nunua Lako”. Chini yake yupo “Usiombe”. Wenye simu hizo ni watu wazima wenye heshima zao, kantini hugombania kumlipia mgeni chai. Hoja yao ni kwamba kila mtu abebe mzigo wake na ugomvi utakwisha.

Nimewasikiliza, lakini siwaelewi. Neno kishikwambi wengi wetu tulilizoea mwaka 2022, makarani wa Sensa walipopita milangoni navyo, na baadaye vikagawiwa walimu. Sasa vimejaa majumbani. Hiki cha dada yangu ni cha mtumba, kimenunuliwa Kariakoo kwa pesa ya kudunduliza, na alichukua kisicho na laini kwa sababu ndicho cha bei nafuu. Ukikiambia kinunue lake, kitalichomeka wapi? Na hata kingekuwa na pa kuchomeka, laini yenyewe ingehitaji alama za vidole vya mtu mzima. Mtoto huyu ana kitabu kwenye kioo na hana mlango wa kukifikia isipokuwa simu ya mtu mwingine. “Nunua Lako” ni jina la kuchekesha mpaka umwone aliyefungiwa nje.

Kwa hiyo sitaacha kuwasha hotspoti. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini wahenga hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilitaka moyo bila daftari. Nilifurahia kuonekana mkarimu kwa kubonyeza mara moja, halafu bili ya ukarimu wangu nikampelekea mtoto.

Ijumaa jioni nilimwita. Kwa mtu wa rika langu kumwomba radhi mtoto ni kazi. Maneno yanagoma kama gari asubuhi ya baridi. Nikasema, “Mwanangu, juzi nilikukosea. Nilifoka kabla sijauliza.” Akainamisha uso, akasema haina shida, kisha akaleta kishikwambi mwenyewe na kunifundisha. Ukigusa jina la mtandao uliounganishwa, ndani yake kuna mahali pa kukiambia chombo kuwa mtandao huu unapimwa, si wa bure. Kikishaambiwa hivyo kinajizuia. Tukazima usasishaji wa programu unaojiendesha wenyewe. Picha za harusi tukaziambia zisubiri. Kwenye simu yangu akanionyesha pa kuweka kikomo, hotspoti ikifika kiasi fulani ijizime. Kilikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuwahi kufungua ukurasa huo. Na nenosiri la moja hadi nane akalibadilisha huku akicheka kwa kiganja mdomoni.

Kisha akasema, bila kuambiwa: “Leo nataka nusu saa tu, mjomba. Nimalizie mada na nipakue maswali.” Nikajua hicho ndicho kikombe. Nilikiona kama ninavyokiona kile cha ua jekundu. Akaketi karibu na kiti changu, maana ukuta wa chumbani ni wa tofali nene na mtandao ukifika kule unakata. Alipomaliza alinisomea maswali matatu ya mmeng’enyo, nikakosa mawili. Nikaangalia simu: MB 60 na ushei.

Wenye simu, pimeni kabla ya kutoa ili msije mkafoka baada ya kutoa. Kupima si uchoyo. Jirani yetu wa Ifakara alipima kila siku na hakuna aliyemwita mchoyo. Nanyi mnaoomba, semeni mnataka ya nini na ya muda gani, na mkimaliza zimeni. Mlango wangu hauna jina la “Nunua Lako”. Njoo uombe, nitakuwashia, ila njoo na kikombe.