Ulinzi wa Nyumba

Baba wa nyumba mmoja hapa Dodoma alituuliza: "Je, Mkristo aweza kuwa na bastola ili awalinde watoto wake? Naye achague ipi?" Swali hili halidharauliki, kulinda nyumba ni wajibu wa baba.

Kutoka 22:2-3 chatufundisha hivi: mwivi avunjaye nyumba akipigwa hata kufa, ampigaye hana hatia ya damu, lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Mbona hivyo? Gizani hujui kama amekuja kutwaa mali au roho yako. Mchana wamwona, nawe waweza kuita watu. Basi Mungu ailinda hata damu ya mwivi.

Wazee wetu Wagogo walijenga tembe, vyumba vikiuzunguka ua wa ng'ombe. Hatari ilipokuja, yowe liliwaita majirani. Walipanga ulinzi kabla ya kushika mkuki. Nasi vivyo hivyo: kwanza komeo imara, taa, mbwa, na jirani tuliyepatana naye. Tena Sheria ya Silaha ya mwaka 2015 yakataza kuwa na bastola pasipo leseni. Aliyepewa leseni achague ile ambayo mkono wake waiweza, afundishwe kuitumia, na kuifungia mahali watoto wasipofika.

Lakini tukumbuke: gizani, mwana aliyechelewa kurudi afanana na mwivi. Basi washa taa kwanza, uliza jina. Bwana asiyelala azilinde nyumba zetu. Amina.