Bi Fatma alibadili dawa, sisi je?

Mwezi uliopita, baada ya darsa, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinivuta pembeni akanionyesha unyayo wake. Ana kisukari. Kidonda kilianza kwa kuchubuliwa na kiatu, na kwa kuwa kisukari huua hisia za miguu, hakuona maumivu, ingawa huosha miguu hiyo mara tano kwa siku. Miezi miwili alikuwa akipaka asali tu. Nilipomtajia hospitali akanijibu: "Ustadhi, kwani Qur'an haikusema asali ni dawa?"

Ndugu zangu Waislamu, imesema, katika Surat An-Nahl aya ya 69, na tumeamini. Lakini aya hiyo hiyo inaishia kwa kuwataja watu wanaotafakari. Hebu tutafakari. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) alijeruhiwa usoni. Bukhari amepokea kuwa Sayyidna Ali alimimina maji kwa ngao, Bi Fatma akaosha. Alipoona maji yanazidisha damu, hakuyang'ang'ania. Alichoma kipande cha mkeka, akabandika majivu, damu ikakatika.

Dawa mpya za vidonda hupatikana kwa mwendo huo huo wa kutazama na kubadili. Wataalamu walichunguza chembe zinazogandisha damu, wakakuta zinatoa protini inayoziita seli zije kujenga nyama mpya. Wakaitengeneza kwa kutumia hamira, na mwaka 1997 Marekani ikaidhinisha jeli yake, becaplermin, kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Mwaka 2008 ikawekewa onyo zito kuhusu saratani. Mwaka 2018, baada ya uchunguzi zaidi, onyo hilo likaondolewa. Wapo wanaocheka, mara hivi mara vile! Mimi naona ni uaminifu. Wauza dawa wangapi wa mitaani, tena kwa jina la Tiba ya Mtume, wamewahi kumrudia mteja kumwambia walikosea?

Jeli hiyo nayo haitoshi peke yake. Sukari ishushwe, nyama iliyokufa iondolewe, damu iwe inafika mguuni. Wala asali haikutupwa: ipo inayosafishwa kwa mionzi na kufungia vidonda hospitalini. Siyo ile ya chupa ya jikoni.

Jumatatu nilimpeleka mzee mwenyewe. Kidole kimoja kimekatwa. Mguu, alhamdulillah, umebaki.