Mradi na Bei Yake

Mtumikie kafiri upate mradi wako, walinena wahenga. Kafiri wa methali hii si lazima awe wa dini. Ni kila mwenye nguvu ambaye mnyonge hamridhii, lakini riziki iko mkononi mwake. Ni methali ya watu waliojua kutumikia, na waliojua pia kwamba mja hachagui bwana. Hata hivyo imesema nusu ya neno. Imemtaja mtumishi na mradi wake. Haikutaja kafiri naye amepata nini, wala haikuuliza kama yuko mtu wa tatu, asiyekuwapo siku ya mapatano, atakayelipishwa bei. Yako maisha yanayoidai methali hiyo nusu yake ya pili, nayo ni maisha ya Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi aliyejulikana duniani kwa kuigiza watumishi wa nyumbani katika sinema za Hollywood.

Alizaliwa Wichita, jimboni Kansas, katika miaka ya 1890, kitindamimba katika familia ya watoto 13. Baba yake, Henry McDaniel, alizaliwa mtumwa, kisha akashika bunduki katika jeshi la Muungano, katika vita vya Wamarekani vilivyokwisha mwaka 1865 na kuuvunja utumwa. Hattie alianza jukwaani, akiimba na kuchekesha pamoja na ndugu zake, na katika miaka ya 1920 akatunga na kurekodi nyimbo zake mwenyewe. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, alijikuta mjini Milwaukee akihudumu msalani katika klabu moja, kabla ya kuruhusiwa kuimba humo. Alipofika Los Angeles mwaka 1931, ujira wa redio haukumtosha, ikambidi afanye kazi za ndani katika nyumba za watu. Hivyo alipoanza kuigiza mjakazi mbele ya kamera, kazi yenyewe alikwisha kuijua kwa mikono yake.

Nafasi iliyompa jina ni ile ya mwaka 1939, yaya wa Scarlett O'Hara katika Gone with the Wind. Yaya huyo hana jina lake. Anaitwa Mammy, kama walivyozoea kuitwa mayaya weusi wa Kusini. McDaniel alimpa akili, macho ya kuona hila za bibi yake, na ulimi wa kumkemea. Pale anapopanda ngazi akilia, akisimulia msiba wa mtoto wa nyumba ile, mwigizaji wa pembeni anaibeba sinema nzima peke yake.

Heshima aliyolipwa ilikuwa na ufa. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, tarehe 15 Desemba 1939, ubaguzi wa rangi wa jimbo la Georgia ulimzuia kuhudhuria, yeye na wenzake weusi. Tarehe 29 Februari 1940 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Usiku ule ule alikalishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake wa filamu, katika hoteli isiyopokea weusi. Hata kuingia kwake kulihitaji kuombewa ruhusa.

Mashtaka dhidi yake ni mazito, wala hayafai kupunguzwa. Filamu ile inausimulia utumwa kana kwamba ulikuwa undugu. Mammy anapata uhuru, lakini anabaki kwa mabwana zake, hana nyumba, hana mume wala mtoto, hana hamu ya kwenda popote. Mamilioni ya watazamaji waliambiwa kwamba mtumwa aliupenda utumwa wake. Na aliyeuvika uongo huo uso wa kuaminika alikuwa binti wa mtumwa aliyepigana ili utumwa ufe. Kadiri alivyoigiza kwa ustadi, ndivyo uongo ulivyozidi kufanana na kweli.

Jibu lake, kama linavyosimuliwa, lilikuwa la hesabu: afadhali dola 700 kwa wiki kwa kuigiza mjakazi kuliko dola 7 kwa kuwa mjakazi. Aliyewahi kusafisha nyumba ya mtu mwingine hawezi kuidharau hesabu hiyo. Lakini ni hesabu yenye safu moja tu. Inaonyesha kilichoingia mfukoni mwa mwigizaji. Haionyeshi kilichotoka kwa msichana mweusi aliyekwenda kuomba kazi ya ofisini, akatazamwa na mwajiri aliyeiona filamu juma lililopita.

Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, aliiona safu hiyo ya pili. Mwaka 1942 alikwenda Hollywood kuwataka wakubwa wa sinema wabadili sura ya mtu mweusi. Kuhusu sura alikuwa na haki. Lakini wenye kalamu na mitaji walimsikiliza, wakaahidi, wakarudi makwao. Waliobaki na hofu ya kukosa mkate ni waigizaji wa nafasi za mjakazi na mpishi. McDaniel alijitetea hadharani, na watu wake mwenyewe wakamwona msaliti. Lawama ilishuka ngazi kama maji, ikatuama kwa aliyekuwa chini.

Na ule mradi, je, ulipatikana? Kwa fedha za ujakazi wa kuigiza, McDaniel alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa Los Angeles ulioitwa Sugar Hill. Baadhi ya majirani weupe walikwenda mahakamani, wakishika mikataba ya ardhi iliyokataza weusi kukaa pale. Yeye na majirani wenzake weusi hawakuhama. Walisimama na wakili Loren Miller, na Desemba 1945 jaji akaitupa kesi. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika shauri jingine ambalo Miller alikuwa miongoni mwa mawakili wake, kwamba mahakama haziwezi kuitekeleza mikataba ya namna hiyo. Yule ambaye katika sinema hakuwa na kwake, alishitakiwa kwa kuwa na kwake, akashinda.

Ushindi huo haufuti filamu. Mema na mabaya ya mtu hayalipani kama deni na malipo, kwa sababu aliyefaidika si yule aliyeumizwa. Lakini unaonyesha kosa la wale wanaoihukumu kazi na mtenda kazi kwa neno moja. Inawezekana kusema kwamba sura ile ilikuwa ya dhuluma, na kusema pia kwamba mwanamke aliyeivaa alidhulumiwa. Hukumu ya kwanza haiibatilishi ya pili. Mwenye kutumikia anapaswa kujiuliza nani mwingine analipa. Mwenye kulaumu naye anapaswa kujiuliza kama lawama yake imemfika aliyeshona vazi, au imeishia kwa aliyevikwa.

Hattie McDaniel alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Alitaka kuzikwa katika makaburi ya Hollywood. Yalikuwa ya weupe, akakataliwa. Tuzo yake aliiusia Chuo Kikuu cha Howard, nayo ikaja kupotea. Nyingine ya kuziba pengo ilikabidhiwa chuoni hapo mwaka 2023. Kwa hiyo jibu la swali ambalo methali haikuuliza liko wazi: kafiri alipata kila kitu, na mji uliotajirika kwa uso wa mtumishi wake haukumpa hata kaburi alilolitamani. Wahenga hao hao walinena pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.