Uzito Asiouhisi Dereva

Tuseme pikapu inatoka Malindi, inapita Jilore kuelekea lango la Sala, Tsavo Mashariki. Nyuma imepakia pikipiki ya magurudumu manne yenye kilo 300, na bado inavuta trela ya kulala ya kilo 1,500.

Trela ya namna hiyo hulemea ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kilo 150 au zaidi zinajumlika na zile 300, na karibu zote zinaangukia ekseli ya nyuma. Pua ya gari inainuka, tairi za mbele zinapungukiwa na mshiko, usukani unakuwa mwepesi. Dereva anaona gari linakwenda vizuri.

Je, ana dhima kwa uzito asiouhisi?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 kuhusu mizigo ya magari inalenga magari ya kilo 3,500 na zaidi. Pikapu pekee mara nyingi huwa chini ya hapo. Pale sheria hiyo isipomgusa, inabaki dhamiri. Surat Al-Mutaffifin katika Qurani na nabii Amosi katika Biblia wote wanawalaani wapunjao vipimo, lakini mfanyabiashara humpunja mnunuzi aliyekuja mwenyewe sokoni. Huyu dereva anamdhulumu mpita njia ambaye hakupatana naye lolote. Waislamu husoma pia kwamba Mungu haikalifishi nafsi kupita uwezo wake. Basi mwanadamu anapata wapi ruhusa ya kukikalifisha chombo, tena barabarani, penye mama aliyebeba maji na mtoto anayetoka shule?