Kwa Nini Mungu Huacha Waumini Wajaribiwe?

Swali hili twaulizwa mara nyingi na watu walio katika mafundisho ya ubatizo, wala si wao tu: Ikiwa Mungu atupenda, na nguvu anazo, mbona hamzuii Shetani?

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Lugha yetu yasema "kujaribu" kwa mambo mawili. Mhunzi hujaribu jembe jipya kwa kulipiga juu ya jiwe, apate kujua kama lina ufa; mwivi naye humjaribu mlinzi kwa fedha, apate kumwangusha. Kiyunani nacho kina neno moja kwa yote mawili. Ndiyo sababu Yakobo, katika sura moja ya waraka wake, aweza kuyahesabu majaribu kuwa furaha, na tena kukana kwamba Mungu humjaribu mtu. Hajipingi. Mtoto augua usiku, na jamaa wasema, "Mwiteni mganga, huyo Mungu wenu amelala." Shetani ataka imani ife, Mungu, katika saa ile ile, ataka isimame.

Walakini jibu hili halitoshi, maana wako walioanguka wasiinuke. Asemaye upesi kwamba majaribu hutuimarisha, na aende kwanza akaketi na mke wa mzee wa kanisa aliyegeuka mlevi. Sisi hatuthubutu kusema kwamba kuanguka kule kulikuwa kwema, wala Maandiko hayatuamuru kusema hivyo.

Tusome Luka 22. Bwana amwambia Petro ya kuwa Shetani ametaka kuwapepeta. Hasemi kwamba Shetani amekataliwa, wala haelezi sababu. Asema kwamba amemwombea, imani yake isiishe. Tena ampa kazi ya kuwatia nguvu ndugu zake atakaporudi. Kila mwanamke apepetaye mtama ajua ya kuwa ungo hauongezi punje hata moja. Huondoa makapi tu. Makapi ya Petro yalikuwa ule moyo wa kujiona bora kuliko wenziwe. Kabla ya usiku ule, angewezaje kumhurumia mtu aliyeanguka?

Luther aliandika katika mwaka 1539 kwamba mtu hufanywa mwalimu wa mambo ya Mungu kwa sala, kwa kulitafakari Neno, na kwa majaribu. Hilo la mwisho halifundishwi shuleni. Katika mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa Kilimanjaro, na walimu wenyeji wakabaki kulichunga kundi. Hatusemi Mungu alileta vita ili awafundishe hao. Twasema tu kwamba hakuwaacha ndani yake.

Na yule mzee mlevi? Jogoo alipowika, Petro alitoka nje akalia, wala hakuna mtu usiku ule aliyejua atakuwa nani baadaye. Kwa hiyo jina la mzee wetu hatulifuti katika maombi ya Jumapili.