Uhuru wa Kutoulizwa

Mwaka 1991 mwanafalsafa Jeremy Waldron aliandika jambo ambalo likishasemwa huonekana la wazi kupita kiasi: kila tendo hutendeka mahali. Anayelala hulala mahali, anayekojoa hukojoa mahali. Basi asiye na pake, naye amekatazwa kulala na kuoga mahali pa umma, hana pembe ya dunia anapoweza kuyafanya hayo bila kuvunja sheria. Alichonyimwa si paa peke yake. Amenyimwa uhuru wa kuwa na mwili.

Pita River Road, Nairobi, alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa. Vijana wanakunja magunia na maboksi barazani. Mlinzi huwafukuza kwa kuwa baraza ni ya mwenye duka. Kanjo, yaani askari wa jiji, huwafukuza barabarani kwa kuwa barabara ni ya wote. Wote, isipokuwa hawa! Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 15,337 wanaoishi mitaani Nairobi.

Hadi hapo nakubaliana na Waldron. Ila hoja yake inamfaa zaidi mtu mzima, ambaye hutafuta mahali asipoulizwa kitu. Mtoto wa miaka kumi anayelala karibu na mzunguko wa Globe, jijini humo, na chupa ya gundi puani hana pa kukaa, lakini uhuru wa kutoulizwa anao hadi umemzidi. Hakuna anayetaka kujua alikuwa wapi, amekula nini, mbona shati limechanika. Maswali hayo tuliyakimbia sote tulipobalehe, na tuliweza kuyakimbia kwa sababu tulijua jioni tutayakuta palepale.

Mwaka 2003 serikali mpya iliwachukua vijana wengi wa mtaani ikawapeleka kwenye Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakapata vitanda na mafunzo ya ufundi. Ilikuwa kazi njema. Lakini kila mtoto anapotoroka kituo cha watoto na kurudi barabarani, husemwa kwamba chokoraa, kama aitwavyo mtoto wa mtaani, amezoea uchafu. Mimi siamini. Kwenye beesi, maskani yao ya mtaani, kuna mkubwa anayekula sehemu ya pesa za skrepa wanazouza, anayepiga, na anayejua nani hajarudi usiku huu. Bweni lisilo na mtu wa kujua hilo litashindwa na beesi, hata likiwa na shuka safi.

Tatizo ni kwamba wengi wa watoto hawa walitoroka nyumba ambamo waliulizwa kwa fimbo. Kwa hiyo siwezi kusema warudishwe tu kwa wazazi, kama wanasiasa wanavyopenda. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua malezi ya kambo na hata kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wako, na mahakama inaweza kumkabidhi mtoto kwa mlezi na kumwagiza afisa amfuatilie. Afisa huyo ana rundo la mafaili mezani, naye saa kumi na moja jioni hufunga ofisi.