Shahidi Huulizwa

Ukikaa Tabora siku mbili tatu utahubiriwa, utake usitake. Utahubiriwa stendi ya mabasi, utahubiriwa sokoni, na usiku ukilala utahubiriwa kwa spika kutoka mtaa wa pili. Mji wetu umezoea. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na kila aliyeipita alikuja na mzigo wake: nguo, shanga, bunduki, pembe za ndovu, watu waliofungwa minyororo, na dini pia. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliukuta mji wa wafanyabiashara Waarabu wakauita Kazeh. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872, katika tembe la wenyeji haohao, akingoja wapagazi. Tarika ya Qadiriyya ilisambaa kwa njia hiyo, na sisi Wamoraviani tulipokabidhiwa kazi ya Urambo na London Missionary Society mwaka 1898, tulifika kwa njia hiyo. Mizigo ya wote ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, babu zetu.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliufanyia nje, juani, na sijutii. Naamini bado kwamba Injili iliyofungiwa ndani ya kuta nne imenyimwa kazi yake. Paulo alipokuwa Athene hakukaa katika sinagogi peke yake. Matendo ya Mitume, sura ya 17, inatuambia alishuka sokoni kila siku na kuzungumza na waliokutana naye. Kwa hiyo msomaji asidhani naandika kuwakatisha tamaa vijana wanaobeba vipaza sauti. Nina swali moja tu linalonisumbua tangu zamani, na limenirudia uzeeni kwa mlango nisioutarajia: neno la kweli likisemwa ili kumwangusha mtu, je, bado ni ushuhuda?

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa miaka ya mihadhara. Wahubiri wa Kiislamu walijifunza Biblia wakaja nayo uwanjani, na kitabu cha Ngariba Mussa Fundi na Mohamed Ali Kawemba kiitwacho Uislamu katika Biblia kilipita mikono mingi. Wakristo nasi tukajibu kwa kujifunza Kurani. Meza mbili, vipaza sauti viwili, umati katikati. Waliokuwepo wanakumbuka ilivyokuwa tamu. Kulikuwa na kushangilia kama mpirani, na mtu aliyeshinda alisindikizwa hadi nyumbani kwake.

Nami nilishinda siku moja. Niliyemshinda alikuwa maalimu wa madrasa, jirani yangu, mtu mpole aliyesukumwa mezani na vijana wake siku hiyo kwa sababu mhubiri wao wa kawaida hakufika. Nilikuwa nimekariri aya nne za Kurani na tafsiri zake. Nne tu! Sikujua zilizotangulia wala zilizofuata. Nilimuuliza swali ambalo nilijua hawezi kulijibu kwa dakika tatu alizopewa, na alipoanza kueleza kwa utaratibu, kama mwalimu anavyoeleza, nikamkatiza nikawaambia watu, "Mnaona? Anazunguka." Watu wakacheka. Akaketi.

Kila mwezi wa Ramadhani mke wa maalimu alikuwa akituletea bakuli la futari, tambi au mihogo ya nazi, limefunikwa kwa kawa. Watoto wangu walikuwa wakilisubiri. Mwaka ule bakuli halikuja. Sikumwambia mtu kwa nini. Mke wangu alijua, naye hakuniuliza, na kutokuniuliza kwake nilikuona kizito kuliko maneno. Tuliendelea kuchota maji bomba moja na kusalimiana, lakini salamu ilikuwa ya kulipa deni. Miaka mingi ilipita hivyo.

Nilijitetea moyoni kwa hoja ambayo bado naiheshimu: nilichosema hakikuwa uongo. Aya zipo. Kama alishindwa, hakushindwa na mimi, alishindwa na kweli. Na Kristo, si alituagiza tuseme kweli? Hoja hii ilinitosha mpaka nilipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho.

Nilifikia kwa mwanangu. Asubuhi moja mjukuu wangu alikuja mbio kutoka getini, "Babu, wageni wako, Wamoraviani wamekuja!" Nikatoka nimejiandaa kwa salamu za kanisa. Walikuwa vijana wawili wamevaa mashati meupe, tai na beji kifuani. Hawakuwa Wamoraviani, walikuwa Wamormoni, watu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mtoto amesamehewa, majina yanafanana. Mmoja alikuwa Mzungu aliyekisema Kiswahili kwa kukipimapima, mwingine Mwafrika, kwa lafudhi yake mtu wa Kenya. Cheo chao cha utumishi ni Mzee. Basi Wazee hao wa miaka ishirini hivi wakaniinamia wakasema, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba, nikawakaribisha kivulini.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuhubiriwa na mtu aliyeamini kwamba imani yangu haikutosha. Waliongea vizuri. Walisema juu ya Joseph Smith, na Kitabu cha Mormoni kilichochapishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, na kwamba kanisa la mitume lilipotea duniani likahitaji kurejeshwa. Nami nilikuwa nimekaa palepale alipokaa maalimu. Niliona jinsi mtu anavyojisikia anapoambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mama yake na bibi yake waliomfundisha kusali walikuwa na nusu ya jambo.

Ningeweza kuwajibu kwa imani yangu. Badala yake mkono ulienda kwenye silaha ya zamani. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba kanisa lao lilikataa kuwapa ukuhani wanaume weusi mpaka Juni 1978. Nikamgeukia yule kijana Mwafrika, nikamwacha mwenzake. Nikamuuliza kama anajua kwamba mwaka aliozaliwa baba yake, baba yake huyo asingeruhusiwa kuwa kuhani katika dini anayoniletea.

Mzungu aliona haya, akatazama chini. Kijana Mwafrika hakutazama chini. Akasema, "Najua, mzee." Akaeleza kwamba siku za Joseph Smith walikuwepo weusi waliowekewa mikono, kwamba katazo lilitangazwa na Brigham Young mwaka 1852, na kwamba mwaka 2013 kanisa lao lilichapisha maelezo likizikataa sababu zote zilizokuwa zikitolewa kulitetea. "Liliniumiza niliposoma," akasema. "Niliwauliza viongozi wangu. Naendelea kuuliza." Kisha, bila kejeli, akaniuliza: "Na kwenu, mzee, mlianzaje na watu weusi?"

Nilifurahi. Hili ni swali ambalo Mmoraviani yeyote anaota kuulizwa. Nikamsimulia habari ya Anton, mtumwa mweusi aliyeletwa Copenhagen, ambaye mwaka 1731 alimweleza Count Zinzendorf juu ya ndugu zake waliobaki utumwani katika kisiwa cha St. Thomas wakiwa na kiu ya kumjua Mungu. Nikamsimulia jinsi Leonard Dober na David Nitschmann walivyoondoka Herrnhut mwezi Agosti 1732, wakiwa tayari kuwa watumwa wenyewe kama ndiyo njia pekee ya kuwafikia watumwa. Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara watu hulia.

"Na baadaye?" akauliza.

Baadaye nilikuwa nakujua. Nilikuwa nimekusoma chuoni, katika kitabu ambacho hakikuficha. Misheni yetu ya St. Thomas ilinunua shamba, na pamoja na shamba ikamiliki watumwa. Watu walewale tuliowaita ndugu na dada mezani pa Bwana walifanya kazi shambani petu wakiwa mali yetu. Utumwa katika visiwa vile vya Wadani ulikoma mwaka 1848, na haukukoma kwa sababu sisi tulikataa. Nililijua hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika mahubiri yangu yote sikuwahi kulitamka. Mimi, mtu wa Tabora, ninayeishi juu ya njia ambayo miguu ya watumwa iliifanya kuwa barabara.

Nilimwambia. Sikuweza kumdanganya kijana aliyesema "najua."

Tangu siku ile nimelifikiria sana neno shahidi, ambalo Waislamu na Wakristo wa nchi hii tunalitumia wote. Mahakamani shahidi na wakili husimama chumba kimoja, na wote wawili wanaweza kusema maneno ya kweli tupu. Lakini wakili huchagua. Huokota kweli zinazomfaa mteja wake na kuziacha nyingine chini, na hakuna anayemlaumu, ndiyo kazi aliyolipwa. Shahidi hana ruhusa hiyo. Husema alichokiona, chote, na akimaliza kusema huulizwa. Huulizwa hata juu yake mwenyewe: ulikuwa wapi, ulisimama na nani, kwa nini ulinyamaza siku zote hizi. Akikataa kuulizwa, ushahidi wake huachwa. Pale uwanjani tulijiita mashahidi wa Kristo, na kazi tuliyoifanya ni ya mawakili. Aya nilizomtupia maalimu zilikuwa za kweli kwa namna ambayo tofali lililong'olewa ukutani ni la kweli. Nyumba sikuwa nimeiona, wala sikutaka kuiona.

Nilipowaeleza wenzangu hili, mmoja wao, mwinjilisti mkali ninayempenda, alinipinga hapohapo. "Ndugu yangu, tukianza kuhesabu dhambi za kanisa kila tunapopanda jukwaani, nani atahubiri? Watu wanakufa bila Kristo, wewe unataka tuwape historia ya St. Thomas." Ana haki kwa sehemu. Injili haisimami juu ya usafi wa wamisionari, na kama ingesimama hapo ingekwisha kuanguka zamani. Na kuna unyenyekevu wa uongo, unaojishutumu kwa sauti kubwa ili usije ukalazimika kumwambia jirani jambo gumu. Wapo siku hizi wanaosema dini zote ni njia za mlima mmoja. Sisemi hivyo. Wale vijana wawili niliwaambia waziwazi, kabla hawajaondoka, kwamba siwezi kukipokea kitabu chao kuwa Neno la Mungu, na kwamba wanavyofundisha juu ya Baba kuwa na mwili kama wetu siyo imani ya kanisa iliyokiriwa tangu mababa wa kale. Wakanisikiliza. Nilikuwa nimewasikiliza kwa saa nzima, na nadhani ndiyo sababu.

Lakini mwenzangu hakunijibu jambo moja. Akifika mtu uwanjani na kumuuliza yeye habari za shamba la St. Thomas, atafanya nini? Atasema hakijatokea? Atabadili mada, kama nilivyomwambia maalimu kwamba anazunguka? Nchi yetu ina sheria kwa anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine. Ni kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria hiyo hutazama kusudi. Nimeona ajabu kwamba Kanuni ya Adhabu iliuliza swali ambalo mimi, mwenye Petro wa kwanza sura ya 3 mkononi, inayotaka tujibu kwa upole na kwa hofu, sikujiuliza kwa miaka yote hiyo.

Niliporudi Tabora niliomba nafasi katika ibada ya mwezi Agosti, tunapokumbuka safari ya 1732. Nikasimulia yote, Anton na Dober na Nitschmann, kisha shamba na watumwa. Kanisa lilikuwa kimya. Wazee wawili wa kanisa walinisubiri nje kuniuliza nimepata wapi maneno hayo, na mama mmoja aliacha kunisalimia kwa wiki kadhaa. Nikasimulia pia habari ya Rebecca, mwanamke aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, ambaye katika miaka ile ya 1730 alikuwa akitembea kwa miguu njia za kisiwa kile, shamba hadi shamba, jioni watumwa wakishatoka kazini, akiwafundisha. Mhubiri wa barabarani kabla yetu sote. Alitiwa gerezani. Baadaye alivuka bahari akaja Afrika, Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, akafia huko mwaka 1780.

Mji wetu ni mdogo kwa habari. Jioni ya Jumatatu maalimu aliniita nikipita. Amezeeka sasa, anakaa barazani kwake na birika la kahawa, na mguu mmoja unamsumbua. Nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi kwa siku ile ya mhadhara, miezi kadhaa nyuma, naye alijibu kwa neno moja tu, "Yamepita," bila kunikaribisha kuketi. Safari hii alisogeza mkeka.

"Nasikia jana umesema mambo kanisani," akasema.

Nikamwambia nimesema.

Akamimina kahawa, akanipa kikombe, akakaa kimya kidogo. Nilidhani ataniuliza juu ya shamba. Akauliza, "Yule mwanamke, walimfungia nini?"

Nikamwambia aliitwa mahakamani akakataa kula kiapo, na ndoa yake nayo wakubwa wa kisiwa hawakuitambua.

"Alikataa kula kiapo," maalimu akarudia, polepole. Akainyoosha miguu yake, ule mzima na ule mgonjwa. "Hebu anza mwanzo. Na safari hii usinikatize nikiuliza."